Herufi Isiyo na Kazi: Kiingereza, Fumba na Mshahara wa Kijana Mmoja

Ramadhani iliyopita, baada ya sala ya alasiri, kijana mmoja wa jirani alinijia barazani kwangu hapa Fumba akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Alikuwa amepata kibarua katika mojawapo ya majengo mengi yanayoinuka kwenye rasi hii yetu. Hadi hapo hapana jipya. Tangu Fumba itengwe kuwa eneo huru la uchumi mwaka 1992, na hasa katika miaka hii kumi ya karibuni, vijana wengi wa huku wamezoea kuacha madema na nyavu kwa miezi kadhaa wakaenda kubeba zege. Lililomleta lilikuwa jambo jengine.

"Mwalimu," aliniambia baada ya kuniamkia, "nimefanya kazi wiki tano na sijalipwa hata senti moja. Nikiuliza naambiwa nikausome mkataba. Mkataba nimeusaini mwenyewe, lakini sijui nimesaini nini."

Niliufungua. Ulikuwa na kurasa tatu, zote kwa Kiingereza, na saini yake ya kujikokota chini ya kila ukurasa. Kifungu cha ujira kilieleza kwamba mfanyakazi atalipwa "bi-monthly". Nikamweleza kijana kwamba neno hilo lina maana ya kulipwa mara mbili kwa mwezi. Kisha, kwa kuwa mimi ni mwalimu na nilikuwa nimefunga, nikalazimika kusema kweli yote: neno hilo hilo lina maana ya kulipwa mara moja kila baada ya miezi miwili. Kamusi za Kiingereza zenyewe hutoa maana zote mbili, moja chini ya nyengine, bila ya kuona haya.

"Sasa ya kweli ni ipi?" akaniuliza.

"Zote mbili."

Alicheka kidogo, kicheko cha adabu, kama mtu anayedhani mzee anamkwepa. Sikuwa namkwepa. Jioni ile nilibaki na fikra ambayo sijaweza kuiondoa, na ndiyo iliyozaa makala haya. Sisi ambao Kiingereza kimetupa vyeo na mishahara tumezoea kukiona kama mizani: anayekosea kukiandika akili yake ina upungufu, na anayekijua ndiye msomi. Mara chache tunajiuliza mizani yenyewe imetengenezwaje. Nataka niwaonyeshe, enyi wanafunzi wangu na watumishi wenzangu wa umma, kwamba mengi tunayoyaita kanuni za Kiingereza ni ajali za historia zilizokaa mpaka zikapata heshima. Na nataka niulize kwa nini ajali za historia ya watu wengine ziamue kama kijana wa Fumba ale au alale na njaa.

Abiria asiyelipa nauli

Tuanze na neno linalotuhusu sisi tunaokaa hapa, neno lenye maana ya kisiwa. Waingereza huliandika "island", lakini hakuna Mwingereza anayeitamka ile herufi "s". Mtoto akiuliza inafanya kazi gani, mwalimu humwambia aikariri tu. Jibu la kweli ni kwamba iliingizwa kimakosa.

Neno hilo ni la Kiingereza cha kale, na kwa karne nyingi liliandikwa bila ya "s". Kiingereza kilikuwa na neno jengine la kisiwa, "isle", lililotoka Ufaransa, na hilo asili yake ni Kilatini, "insula", lenye "s" ndani yake kwa haki. Wasomi wa karne ya 16, waliokuwa wakikienzi Kilatini kama baadhi yetu leo tunavyokienzi Kiingereza, wakayadhania maneno haya mawili kuwa ni ndugu, wakalitia la kwanza herufi ya la pili. Tangu hapo abiria huyu amekaa chomboni bila ya kulipa nauli wala kushika kasia, na anayemsahau hukatwa alama.

Ndugu zake ni wengi. Neno la deni, "debt", lilitoka Ufaransa bila ya "b", na Waingereza waliliandika bila ya "b". Wasomi wale wale wakakumbuka kwamba kwa Kilatini ni "debitum", wakaipachika. Hakuna aliyewahi kuitamka, si kabla wala si baada. Ilitiwa ili neno lionekane limesoma. Kijana wangu wa mkataba, ambaye kwa wiki tano alikuwa akila kwa daftari la dukani, alikuwa na deni lenye herufi zake zote.

Yapo pia maneno ambayo herufi zake za kimya ziliwahi kuwa hai. "Knight" lilitamkwa kwa "k" yake mbele na kwa sauti iliyokaribiana na "kh" yetu katikati. Ulimi ukabadilika, maandishi yakabaki. Na hapo ndipo penye kisa kikubwa.

Mtoto asomaye "na-me"

Ingia darasa lolote la watoto wadogo kisiwani hapa, waandikie ubaoni neno "name", wale ambao bado hawajafunzwa kulitamka. Watasoma "na-me". Waandikie "time", watasoma "ti-me". Mwalimu atawasahihisha, na darasa litacheka.

Lakini lau angefufuka Mwingereza wa mwaka 1380 akasimama mlangoni mwa darasa hilo, asingecheka. Angemwelewa mtoto kuliko mwalimu. Waingereza wa zama za mshairi Chaucer walilitamka neno la jina kwa "a" ndefu kama ya kwetu, na mwisho wake wakatoa irabu hafifu. Neno la wakati walilitamka kwa "i" ndefu kama ya kwetu. Herufi zilikuwa zinasema kweli. Kisha, baina ya takriban mwaka 1400 na 1700, irabu ndefu za Kiingereza zilihama moja baada ya moja, kama watu wanaosukumana kwenye foleni: hii ikapanda mahali pa ile, ile ikavunjika ikawa sauti mbili. Wanaisimu huyaita Mabadiliko Makuu ya Irabu, na mpaka leo hawajaafikiana sababu yake.

Katikati ya mahame hayo, mwaka 1476, William Caxton alifungua mtambo wa kuchapisha vitabu Westminster, London. Wachapaji wakaanza kuziganda tahajia, wakati ndimi zingali safarini. Ni kama mtu aliyepiga picha ya chombo kinachoondoka bandarini, kisha akawalazimisha wajukuu waape kwamba chombo bado kipo pale pale. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755 aliyathibitisha mengi aliyoyakuta. Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, Mmarekani Noah Webster akaamua baadhi ya tahajia hazina maana, na kamusi yake ya mwaka 1828 ikazipunguza herufi: Waingereza wana "colour", Wamarekani wana "color". Mwanafunzi wangu anayesoma makala ya Boston asubuhi na kitabu cha London jioni huniuliza kosa ni lipi. Namwambia inategemea anayesahihisha anatoka wapi. Hilo nalo ni somo la siasa.

Kwa hiyo mtoto anayesoma "na-me" hakukosea kanuni. Ameifuata kanuni kwa uaminifu kuliko lugha yenyewe ilivyoifuata. Alichokikosa ni kupitwa na miaka mia tatu ya historia ya kisiwa kisicho chake, na hilo si kosa la akili. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5. Fikirini maana yake: mtoto anakutana na sehemu za hesabu, na mizizi ya mmea, na mzunguko wa damu, kupitia mlango ambao bawaba zake zilipinda kabla ya Mreno wa kwanza kufika pwani hii. Akishindwa, tunaandika kwenye ripoti kwamba hesabu ni dhaifu.

Mwanasheria wa Mkunazini

Ukitoka Fumba kwenda mjini, kabla ya kuufikia mji unaiacha Mbweni upande wa kushoto, kuliko na magofu ya misheni ya Waingereza iliyowapokea watu waliokombolewa utumwani. Wamisionari hao ndio waliojenga kanisa la Mkunazini juu ya kiwanja cha lililokuwa soko la watumwa. Nyuma ya altari ya kanisa hilo amelazwa Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882 akiwa askofu. Watalii huoneshwa kaburi lake na kupita. Mimi kila nikifika hapo husimama kidogo, kwa kuwa kila neno la Kiswahili ninaloliandika lina alama ya mkono wake.

Steere alifika Unguja mwaka 1864. Alikuwa amesomea sheria kabla ya kuwa padri. Akakaa na Waswahili wa mji huu, akawasikiliza, akaandika hadithi walizomsimulia, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha mwongozo wa lugha yao. Katika kuziandika sauti za Kiunguja kwa herufi za Kirumi alifuata kanuni fupi, ambayo wamisionari wengine wa zama zake waliitumia katika lugha nyingi: konsonanti zisomwe kama za Kiingereza, irabu zisomwe kama za Kitaliana.

Itazameni vizuri kanuni hiyo. Mwingereza msomi, katika mji ambao balozi wa Uingereza alikuwa na sauti kubwa kuliko waziri yeyote, alipotaka kuandika irabu zetu alizikimbia irabu za lugha ya mama yake. Hazikuwa na kwao. "A" ya Kiingereza hujui leo imelala nyumba gani. Akaenda kuazima za Wataliana, ambazo, kama tulivyoona, ndizo zinazofanana na zile Waingereza wenyewe walizokuwa nazo kabla hazijahama. Kwa bahati hiyo tukapata maandishi ambayo mtoto akishazijua herufi zake husoma neno lolote, hata asilolijua maana.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ikaisimamia tahajia hiyo na kuirekebisha. Palikuwa na ya kurekebisha. Steere, kwa kuwa Kiingereza huandika sauti mbili tofauti kwa "th" moja, na yeye aliandika dhahabu kwa "th" kama alivyoandika thawabu. Kasoro ya Kiingereza ilijipenyeza hata alipojitahidi kuikwepa, na waliokuja baadaye wakaiondoa kwa kutuletea "dh".

Lakini nisije nikaipamba historia hii mpaka ikawa ya uongo. Tahajia hiyo safi ilikuwa na gharama, na waliolipa walikuwa wazee wetu. Kabla ya Steere watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: barua, mashairi, hesabu za majahazi, hati za mashamba. Nyaraka za aina hiyo zimehifadhiwa Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa. Hati hiyo ilikuwa na shida zake: haikutofautisha vizuri "e" na "i", wala "o" na "u", na "p" ililazimika kutafutiwa makazi. Hata hivyo walioitumia walielewana. Ofisi za serikali zilipohamia herufi za Kirumi, mtu aliyekuwa akisoma na kuandika tangu utotoni aliamka asubuhi moja akaambiwa hajui kusoma.

Babu yake yule kijana wa mkataba ni mmoja wao. Nimemwona na daftari lake la samaki, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, safi, kuanzia kulia, kila mtu na deni lake. Mzee huyu kwenye kila karatasi ya serikali aliyowahi kupewa amepiga dole gumba. Babu alitolewa kwenye usomi kwa kubadilishiwa herufi. Mjukuu, aliyesoma skuli mpaka kidato cha pili, ametolewa kwa kubadilishiwa lugha. Katika nyumba hiyo moja, vizazi viwili vinavyojua kusoma vimeitwa visivyojua.

Mkato uliomnyonga mtu

Huenda msomaji akasema haya ya herufi ni mambo ya walimu. Basi tuje kwenye vituo, mikato na vialama, kwa sababu huko watu wamekufa.

Roger Casement anajulikana katika historia ya Afrika. Ndiye balozi mdogo wa Uingereza aliyefichua, katika ripoti yake ya mwaka 1904, mateso waliyokuwa wakifanyiwa watu wa Kongo kwa ajili ya mpira wa Mfalme Leopold. Casement alikuwa mtu wa Ireland, na katika Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Ujerumani kutafuta msaada wa kuikomboa nchi yake. Alipokamatwa alishtakiwa kwa sheria ya uhaini ya mwaka 1351. Wakili wake alisema sheria hiyo inamhusu mtu anayewasaidia maadui akiwa ndani ya milki ya mfalme, na Casement alikuwa Ujerumani. Upande wa mashtaka ukasema maneno ya mwisho ya kifungu yanaugusa usaliti popote ulipofanywa. Tafsiri ya pili ilihitaji maneno fulani yatengwe kwa mkato. Majaji wakaenda kuikagua ngozi ya kale yenyewe, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani katika zama ambazo vituo havikuwa na utaratibu kama wa leo, wakaona vialama vinavyounga mkono tafsiri ya mashtaka. Tarehe 3 Agosti 1916 Casement alinyongwa London. Watu wakasema amenyongwa kwa mkato.

Karne moja baadaye, katika jimbo la Maine nchini Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilizitaja kazi zisizostahili malipo hayo katika orodha ndefu, na mwisho wa orodha palikosekana mkato mmoja kabla ya neno la kuunganisha. Bila ya mkato huo haikueleweka kama kusambaza bidhaa ni kazi inayojitegemea au ni sehemu ya kazi ya kufungasha. Wataalamu wa Kiingereza wamebishana miaka mingi kama mkato wa mahali hapo ni wa lazima: baadhi ya wachapishaji huuweka kila mara, magazeti mengi huuacha. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliamua kwamba sheria ina utata, na kwa kuwa ina utata inafasiriwa kwa faida ya mfanyakazi. Mwaka uliofuata madereva wakalipwa dola milioni 5 kwa suluhu.

Nawaomba wanafunzi wangu wa sheria walishike hilo la mwisho. Madereva wale ni watu waliozaliwa ndani ya Kiingereza, na bado Kiingereza cha sheria yao kiliwachanganya wao, mwajiri wao na majaji. Kilichowaokoa ni kanuni ya haki iliyosema nani abebe hasara ya utata.

Hata ritifaa, kile kialama kinachoning'inia juu ya herufi, kina kisa chake. Walimu wa Kiingereza humkaripia mwanafunzi anayeitia katika neno la umiliki "its". Katiba ya Marekani ya mwaka 1787, hati inayosomwa kwa heshima karibu na ile ya dini, ina kosa hilo hilo, kwa sababu wakati ule halikuwa kosa. Sisi ritifaa tunaitumia kwa kazi moja tu, na tunaijua kazi hiyo: inatenganisha kung'oa mti na kuwa na ngoa, inatenganisha ng'ombe na sauti isiyokuwepo. Angalieni basi jinsi mifumo ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza inavyoikataa. Mtu wa Ng'ambo, nusu nzima ya mji wetu, anajaza fomu na kompyuta inamwambia ameandika alama isiyoruhusiwa. Anageuka mtu wa Ngambo, mahali pasipokuwepo. Inayokosa kanuni ni lugha moja, anayeambiwa amekosea ni mwengine.

Jina letu wenyewe

Kuna mkorogano mmoja ambao watumishi wa umma wanaukuta kila siku. Kwa Kiswahili Unguja ni kisiwa, Pemba ni kisiwa, na Zanzibar ni nchi yenye visiwa hivyo na vyengine vidogo. Kwa Kiingereza cha vitabu na ramani nyingi, tangu karne ya 19 mpaka leo, neno Zanzibar ni mji, na ni kisiwa cha Unguja, na ni visiwa vyote pamoja, na ni dola. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilipoandikiana mkataba wa kugawana maeneo yetu, wenyewe wakiwa hawapo mezani, ililazimika kutaja Zanzibar na Pemba kama vitu viwili. Leo bado ninakutana na ripoti za Kiingereza zinazosema jambo fulani limefanywa "Zanzibar", na ukilifuatilia unakuta limefanywa Unguja peke yake. Mpemba amepotelea ndani ya neno. Si njama ya mtu. Lugha haikuona haja ya kupambanua, na sisi tunaonakili ripoti hizo hatukuona haja ya kuisahihisha.

Mabunge nayo yana lake. Mwingereza akisema hoja iwekwe mezani, anataka ijadiliwe sasa. Mmarekani akisema maneno hayo hayo, anataka iwekwe kando. Winston Churchill ameeleza katika kumbukumbu zake za vita jinsi maafisa wa nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu juu ya hoja ambayo wote waliitaka ijadiliwe. Hao ni washirika, wenye lugha moja, na katikati ya vita. Sisi tunapokaa na mwekezaji wa tatu, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili kama ilivyo kwetu, na mwanasheria aliyenakili kiolezo kutoka mtandaoni, tunadhani tunaelewana kwa sababu sote tunatikisa vichwa.

Kurudi barazani

Nilikwenda na kijana wangu kwa sheha, na sheha akatupeleka kwa msimamizi wa ujenzi. Sikukuta dhuluma niliyoitarajia, na nakiri kwamba nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Aliyetayarisha mkataba alikusudia mara mbili kwa mwezi. Mhasibu, mgeni kutoka nchi nyengine, alisoma kila miezi miwili. Kila mmoja alikuwa na kamusi upande wake. Kijana alilipwa siku ya pili. Lakini tayari alikuwa ameshauza baiskeli yake kwa bei ya kutupa, na mama yake alikuwa amefuturisha wageni kwa mkopo. Neno lenye maana mbili lilikuwa limegharimu watu ambao hawakuwahi kulitamka.

Sisemi tukitupe Kiingereza. Mimi nakula kwa Kiingereza, na kimenifungulia maktaba ambazo nisingezifikia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji mwenye akili hamfukuzi mgeni mwenye dawa. Ila mwenyeji huyo huyo hampi mgeni funguo za ghala, akakaa yeye mlangoni kungojea kugaiwa.

Nasema mambo matatu. La kwanza ni la walimu: tukisomeshe Kiingereza pamoja na historia yake. Mtoto akiuliza ile "s" ya kisiwa inafanya nini, tumwambie kweli, kwamba iliwekwa kimakosa na wasomi waliotaka kujionesha. Mtoto anayejua kwamba lugha ina makosa hatakiogopa Kiingereza, na asiyekiogopa hujifunza haraka. La pili ni la watumishi wa umma na wanaharakati: karatasi yoyote inayomfunga mtu wa Zanzibar kwa kazi, kwa ardhi au kwa deni, iandikwe kwa Kiswahili, na hicho Kiswahili kiwe ndicho kinachohukumu pakitokea mgongano, si tafsiri ya hisani inayoambatanishwa nyuma. Kwa upande wa Bara, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kisiwa ambacho lugha yake ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa kipimo cha wengine hakina udhuru wa kubaki nyuma.

La tatu ni letu sisi tuliosoma. Kila tunapomcheka mtu kwa Kiingereza chake, tukumbuke tunacheka kwa niaba ya wachapaji wa Westminster waliokufa zamani, ambao wao wenyewe waliandika neno moja kwa namna tatu katika kitabu kimoja.

Wiki iliyopita kijana alipita tena barazani. Mkataba wake umeisha na amepewa mwengine. Alikuwa na kalamu. Aliniomba nimwandikie, pembeni ya kifungu cha ujira, maneno ya Kiswahili ambayo atamtaka mwajiri ayasaini kwanza. Nikaandika: "Mara mbili kila mwezi, tarehe 15 na siku ya mwisho." Akaisoma mwenyewe kwa sauti, kila herufi ikiwa na kazi yake, kisha akaenda kumsomea babu yake.